Spanieli Chini ya Kirimara: Historia ya Mbwa Aliyelelewa Kukaa Karibu na Mtu

Kibirichia iko kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, ambao Wameru huuita Kirimara, kati ya mji wa Meru na Timau, mahali ambapo ukungu wa msitu hushukia mashamba ya viazi, kabichi na minji. Huku mbwa ana kazi inayojulikana na kila mtu. Usiku analinda ng'ombe na ghala, mchana analala uani, jioni anatiliwa ugali uliobaki. Mlango wa nyumba haumhusu.

Desturi hiyo imeanza kulegea. Katika miji na vijiji vya Kenya zipo familia zinazotaka mbwa wa kuishi na watoto, anayeingia ndani na kulala kwenye mkeka wake. Wanaoulizia mbwa wa namna hiyo mara nyingi huelekezwa kwa spanieli: mwenye masikio marefu yaliyolala, manyoya laini, na macho yanayomfuata mtu kila anakokwenda. Sura yake inavutia, na wengi humnunua kwa sura hiyo. Baada ya miezi michache wanashangaa kwamba anafukuza kuku, analia akiachwa peke yake, na masikio yake yananuka.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililotokea kwa bahati mbaya. Spanieli ni mbwa aliyetengenezwa na watu kwa zaidi ya miaka 600, kwa kazi maalumu, na kila tabia yake ina asili yake. Nasi pia, namna tunavyomtazama mbwa ina historia: ya boma, ya mkoloni, ya msitu na ya maradhi. Mtu anayetaka kumfuga spanieli Kibirichia anakutanisha historia hizo mbili chini ya paa moja, na ni vyema azijue zote.

Kabla ya 1900: mbwa wa boma

Mbwa wa kufugwa hakutokana na mnyama wa mwituni wa Afrika Mashariki. Aliingia kutoka kaskazini pamoja na wafugaji, maelfu ya miaka iliyopita, akasambaa kusini na magharibi hadi misitu ya Kongo. Huku kwetu alibaki na umbo ambalo bado tunaliona barabarani: manyoya mafupi, kiuno chembamba, mkia uliojikunja au kuinuka, mwili wa wastani usiodai chakula kingi.

Hakuna mtu aliyeamua jike gani lipandwe na dume gani. Aliyechagua ni mazingira yenyewe. Mbwa aliyeshindwa na kupe, njaa, chui au baridi ya mlimani hakuacha watoto. Aliyebaki alikuwa na uwezo wa kujitegemea, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya mbwa wa boma hadi leo. Anamjua mwenyewe, anaijua mipaka ya boma, lakini hahitaji kushikwa wala kuchezewa ili aishi.

Kwa Wameru, mbwa alikuwa mlinzi wa mifugo na mwenzi wa msasi. Waliwinda paa na nungu pembezoni mwa msitu wa Kirimara, na usiku mbwa ndiye aliyesikia fisi kabla ya mtu. Katika pwani ya Waswahili, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, lakini mbwa wa kuwinda na wa kulinda anaruhusiwa. Mlimani na pwani, kwa sababu tofauti, watu walifikia kanuni moja: mbwa ni wa nje.

1387 hadi 1685: wavu, mwewe na kasri

Huko Ulaya kazi ya aina moja ya mbwa ilikuwa inachukua mkondo tofauti. Mwaka 1387 Gaston Fébus, mtawala wa Foix kusini mwa Ufaransa, alianza kuandika kitabu kikubwa juu ya uwindaji. Humo alieleza mbwa waliohusishwa na Hispania, waliotumiwa pamoja na mwewe wa kuwinda. Aliwasifu kwa kumpenda bwana wao na kumfuata bila kumpotea, wakitangulia mbele huku wakitikisa mkia. Aliwalaumu pia kwamba ni wagomvi na wapiga kelele. Anayemjua spanieli wa leo atamtambua katika maelezo hayo.

Uwindaji wenyewe ndio uliounda tabia. Ndege kama kware hujificha kwenye majani. Mbwa aliingia kichakani, akamnusa ndege na kumfanya aruke, kisha mwewe akamkamata angani. Wakati mwingine mbwa alilala chini mbele ya ndege, wawindaji wakatandaza wavu juu ya wote wawili. Kwa kazi hii mbwa mwenye mbio na hasira hakufaa. Alihitajika mbwa mwenye pua kali anayefanya kazi karibu na mtu, anayetazama nyuma kila mara kujua mtu anataka nini. Mbwa aliyekimbia mbali na bwana wake aliharibu uwindaji, na hakupewa nafasi ya kuzaa. Kwa vizazi vingi mapenzi ya kukaa karibu yaliingia damuni.

Mwaka 1570 daktari wa Kiingereza John Caius alichapisha kitabu kifupi kwa Kilatini juu ya mbwa wa nchi yake. Aliwagawa spanieli wa nchi kavu na wa majini, kisha akamtaja mwingine mdogo aliyefugwa na mabibi wa tabaka la juu, aliyebebwa kifuani na kupakatwa. Huo ndio mgawanyiko wa kwanza mkubwa: mmoja akabaki kondeni, mwingine akaingia nyumbani. Mfalme Charles wa Pili, aliyetawala Uingereza kuanzia 1660 hadi 1685, aliwapenda spanieli wadogo kiasi cha kuwaingiza kwenye mikutano ya serikali. Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini, alilalamika katika shajara yake ya 1667 kwamba mfalme anacheza na mbwa badala ya kusikiliza shughuli. Jina la mfalme huyo lingali katika aina mbili za spanieli wadogo hadi leo.

1700 hadi 1902: bunduki na daftari la ukoo

Bunduki ilipokuwa nyepesi na ya haraka, wawindaji wa Ulaya waliacha wavu na mwewe, wakaanza kumpiga ndege akiwa angani. Kazi ya spanieli ikabadilika tena. Ilimpasa atafute ndani ya masafa ya risasi, amrushe ndege, akae chini papo hapo bunduki inapolia, kisha aagizwe kwenda kumleta ndege bila kumtafuna. Hapo ndipo zilipopatikana sifa mbili zinazowafurahisha wazazi wa leo: spanieli hujifunza amri upesi, na mdomo wake ni mpole.

Kwa muda mrefu watu waliwatofautisha mbwa hawa kwa uzito na kazi tu. Katika uzao mmoja, watoto wazito waliitwa Springer kwa sababu walimrusha ndege, na wepesi waliitwa Cocker kwa sababu walimfuata ndege mdogo wa vichakani. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina mawili.

Mwaka 1873 chama cha Kennel Club kiliundwa London. Uingereza ilikuwa imejaa reli, viwanda na tabaka jipya la watu wenye fedha na muda, na maonyesho ya mbwa yalikuwa burudani yao. Chama kilifungua daftari la ukoo. Baada ya muda mbwa hakuhesabiwa wa aina fulani mpaka wazazi wake wawe wameandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Cocker alitengwa na kupewa ukurasa wake, na mwaka 1902 Springer akafuata.

Mabadiliko haya yalionekana madogo, lakini matokeo yake tunaishi nayo. Daftari liliwapa wanunuzi uhakika: anayemchukua mtoto wa Cocker anajua atakua wa ukubwa gani na mwenye tabia gani. Upande wa pili, damu mpya ilizuiwa kuingia, na waamuzi wa maonyesho walianza kutuza sura. Masikio yakarefuka na manyoya yakazidi. Huko Marekani Cocker alipambwa hata zaidi. Mbwa mweusi aitwaye My Own Brucie alishinda maonyesho makubwa ya Westminster mara mbili mfululizo, 1940 na 1941, na kufikia 1946 Cocker wa Marekani alihesabiwa aina tofauti na wa Uingereza.

1908 hadi 1939: mbwa wa kizungu mlimani

Mbwa wa Ulaya walianza kufika Afrika Mashariki wakati wa wasafiri. David Livingstone alikuwa na mbwa aina ya poodle aliyeitwa Chitane katika safari yake ya mwisho. Alizama kinamasini mwanzoni mwa 1867, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Waliokuja kukaa walifuata baadaye.

Mwaka 1908 ofisa wa Kiingereza E. B. Horne alianzisha kituo cha serikali Meru. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa 1919 wa kuwagawia ardhi askari wazungu uliongeza walowezi katika nyanda za juu, na upande wa Timau yakatokea mashamba makubwa ya kondoo, ng'ombe na ngano. Ardhi ya Lewa ilichukuliwa na familia ya walowezi mwaka 1922. Reli ilipofika Nanyuki mwaka 1930, Timau haikuwa tena mbali na Nairobi. Pamoja na fanicha na bunduki, walowezi walileta mbwa wao wa kuwinda ndege na wa kukaa barazani.

Mwafrika aliyefanya kazi kwenye mashamba hayo aliona jambo jipya. Mbwa alikuwa na chakula chake kilichopikwa na mpishi, alioshwa, aliingia sebuleni na kulala karibu na moto. Mfanyakazi mwenyewe aliruhusiwa humo kwa kazi tu. Kumbukumbu hiyo iliingia katika maana ya mbwa wa kizungu: mnyama aliyepewa heshima ambayo mtu alinyimwa. Chuki iliyotokana na hilo ilikuwa na sababu ya haki.

Maradhi nayo yalikuja kuongeza umbali. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi. Louis Pasteur alikuwa ameshaonyesha Paris, mwaka 1885, kwamba mtu aliyeumwa anaweza kuokolewa kwa chanjo, lakini mwananchi wa kijijini aliijua serikali zaidi kwa amri ya kufunga mbwa na kupiga risasi wale waliozurura. Mbwa wa mlowezi alikuwa na uzio na daktari. Mbwa wa boma alikuwa na bahati yake tu.

1937 hadi 1965: Cocker akutana na mbwa wa Kongo

Wakati huohuo mbwa wa Kiafrika alikuwa akisafiri kuelekea upande wa pili. Mwaka 1895 mbwa wawili kutoka Kongo walionyeshwa Uingereza, wakafa kwa ugonjwa wa mbwa uitwao distempa. Katika miaka ya 1930 Mwingereza Olivia Burn aliwaleta wengine, na mwaka 1937 walipoonyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts watu walifurika kuwatazama. Mbwa hao ni Basenji: wadogo, wenye masikio yaliyosimama, mkia wa kujikunja, na wasiobweka kama mbwa wengine. Ni jamaa wa karibu wa mbwa wa mabomani kwetu.

Miaka michache baadaye Basenji na Cocker waliwekwa pamoja katika maabara ya Jackson, mji wa Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Wanasayansi John Paul Scott na John Fuller walitaka kujua ni tabia gani zinazorithiwa na zipi zinazofunzwa. Walilea watoto wa mbwa wa aina tano katika mazingira sawa, na kwa utafiti wa urithi walichagua kuzalisha Basenji na Cocker pamoja kwa sababu tabia zao zilikuwa mbali kabisa. Cocker alibweka kwa urahisi, Basenji kwa shida. Cocker alipata joto mara mbili kwa mwaka, Basenji mara moja. Mtoto wa Basenji wa wiki tano alimkimbia mtu na kujaribu kumuuma, na mtoto wa Cocker alijilegeza mikononi.

Kitabu chao kilitoka mwaka 1965, na jambo moja ndani yake limebadilisha ufugaji wa mbwa kote duniani. Waligundua kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi mtoto wa mbwa hujifunza nani ni jamaa yake. Akishikwa na watu kwa upole katika majuma hayo, atawaamini maisha yake yote. Watoto waliofichwa wasione mtu mpaka wiki ya 14 waliogopa watu kama wanyama wa mwituni, hata wakiwa wa aina inayosifiwa kwa upole. Na wale Basenji wakali wa wiki tano walitulia upesi waliposhikwashikwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Urithi humpa mbwa mwelekeo, na malezi humpa tabia. Tofauti kati ya mbwa wa boma na mbwa wa sebuleni haikuwa katika damu peke yake.

1952: mbwa wawili, mwezi mmoja

Tarehe 23 Septemba 1952, Richard Nixon, aliyekuwa akigombea umakamu wa rais wa Marekani, alizungumza kwenye televisheni kujitetea kuhusu fedha za kampeni. Alisema kuna zawadi moja ambayo hatairudisha: Cocker mweusi na mweupe ambaye binti yake wa miaka sita alimpa jina la Checkers. Wamarekani wengi waliguswa, na Nixon akabaki kwenye kinyang'anyiro. Katika nchi hiyo mbwa alikuwa amekuwa mtoto wa nyumba, kiasi cha kumwokoa mwanasiasa.

Tarehe 20 Oktoba, hata mwezi haujaisha, Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la Hali ya Hatari nchini Kenya. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliingia msituni kupigania ardhi na uhuru. Wanajeshi na polisi wa Uingereza waliwafuata wakiwa na mbwa wa kunusa nyayo, na wapiganaji walijifunza kupita ndani ya mito ili harufu ipotee. Mbwa hao wengi walikuwa German Shepherd na Labrador, wala si spanieli, lakini kwa mtu aliyejificha kwenye mianzi ya Kirimara tofauti hiyo haikuwa na maana. Mbwa wa kizungu alikuwa pua ya dola. Musa Mwariama, kamanda wa wapiganaji upande wa Meru, hakukamatwa, akatoka msituni mwaka 1963 nchi ikiwa inapata uhuru.

Ndiyo maana si haki kumcheka mzee wa Kibirichia anayerudi nyuma anapoona mbwa mkubwa. Hofu yake ina tarehe na mahali.

1963 hadi 2003: enzi ya Mbwa Kali

Baada ya uhuru sehemu ya mashamba ya walowezi iligawanywa, na Wakenya wenye vyeo na biashara walihamia nyumba zilizokuwa na uzio. Walirithi pia kibao cha langoni: MBWA KALI. German Shepherd, na baadaye Rottweiler, wakawa alama ya mtu mwenye mali ya kulinda. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na mbwa wengi walilelewa hivyo kwa makusudi: walifungwa kwenye kibanda mchana kutwa, wasione mgeni, wasishikwe na mtoto, ili usiku wakifunguliwa wamrukie yeyote. Ni mafunzo ya Bar Harbor yakitumiwa kinyume. Spanieli hakuwa na nafasi hapo. Chama cha East Africa Kennel Club cha Nairobi kiliendelea kuandikisha koo na kuandaa maonyesho, lakini nyanda za Meru zilimjua mbwa wa ulinzi tu.

Katika miaka ya 1980 na 1990 serikali ilipunguza huduma za mifugo chini ya masharti ya wakopeshaji wa nje. Majosho yalikauka na kampeni za kuchanja mbwa zikafifia, na kichaa cha mbwa kikaenea tena. Kisha mwaka 1994 distempa iliwapiga simba wa Serengeti. Karibu simba 1,000, yaani thuluthi moja hivi, walikufa, na ugonjwa ukavuka hadi Maasai Mara. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwa mbwa wa vijiji jirani. Tukio hilo lilifungua macho ya wengi: afya ya mbwa asiye na daktari inagusa watoto wa shule, mifugo, na hata simba wanaoleta watalii. Miradi ya kuchanja mbwa vijijini ilianza upya kuizunguka Serengeti.

2003 hadi leo: pua inayookoa

Wakati Kenya ikijenga upya huduma zake za mifugo, spanieli alikuwa anarudi kazini kwa jina jipya. Mwaka 2003 Springer aitwaye Buster aligundua silaha zilizofichwa ukutani katika mji wa Safwan, Iraq, akatunukiwa nishani ya Dickin, ambayo Waingereza huwapa wanyama wa vita. Mwaka 2004 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha majaribio ya mbwa sita, baadhi yao Cocker, waliofunzwa kutambua saratani ya kibofu kwa kunusa mkojo. Walipatia mara 22 kati ya 54, yaani asilimia 41, ilhali kwa kubahatisha wangepatia asilimia 14. Baadaye watafiti walitumia soksi za watoto wa Gambia kuwafunza mbwa kunusa malaria, na mmoja wa mbwa waliofunzwa kazi hiyo ni Springer aitwaye Freya.

Hata karibu na Kibirichia pua ya mbwa imepata heshima mpya. Lewa, ile ardhi iliyokuwa ya walowezi, sasa ni hifadhi ya vifaru, na walinzi wake hutumia mbwa wa kufuata nyayo kuwasaka majangili na wezi wa mifugo. Vijana wa vijiji vya karibu wanaweza kumwona askari Mwafrika akimwongoza mbwa anayemjua kwa jina, akimlisha na kumchana manyoya. Picha hiyo inafuta kidogo ile ya 1952.

Matokeo ya daftari la ukoo nayo yalijitokeza. Mwaka 2008 filamu ya BBC iliwaonyesha Waingereza jinsi uzalishaji wa jamaa kwa jamaa ulivyowaumiza mbwa wa maonyesho. Miongoni mwao walikuwa spanieli wadogo aina ya Cavalier, ambao wengi hupata ugonjwa wa moyo kadiri wanavyozeeka, na wengine huugua kwa sababu fuvu ni dogo kwa ubongo. Wafugaji waangalifu sasa huwapima wazazi kabla ya kuwapandisha. Nchini Kenya, mwaka 2014 serikali ilizindua mkakati wa kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, kwa lengo la kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Kibirichia sasa: historia ndani ya nyumba

Spanieli akifika Kibirichia leo hufika kwa gari, akiwa mtoto wa wiki nane au kumi, kutoka kwa mfugaji wa Nairobi, Nanyuki au penginepo. Kila sura ya historia yake inaingia naye mlangoni.

Karne za wavu na bunduki zinaonekana siku atakapowaona kuku. Atawarusha, kwa kuwa ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Dawa yake ni kumzoesha kuku akiwa mdogo, kwenye kamba, na kumpa kazi nyingine ya pua: kutafuta mpira uliofichwa kwenye majani, au kutembea na mtu kwenye mipaka ya shamba asubuhi na jioni. Springer mwenye uzito wa kilo 20 hivi atahitaji mwendo mrefu kuliko Cocker wa kilo 12 hadi 15. Aliyelelewa kuwa karibu na mtu hawezi kufungiwa kwenye kibanda siku nzima. Atalia, atachimba, atatafuna. Anayetaka mlinzi wa langoni asimchukue.

Maonyesho yameacha alama kwenye masikio. Yamefunika tundu, hewa haipiti, na unyevu wa Kibirichia unaongeza uchafu na maambukizi. Yafunuliwe na kukaguliwa kila wiki, nywele za ndani zipunguzwe, na kila anapotoka kondeni atafutwe mbegu za nyasi na kupe katikati ya vidole. Mbwa wa boma amepambana na kupe kwa maelfu ya miaka. Huyu hajapambana nao, na homa ya kupe inaweza kumuua kwa siku chache. Viazi vilivyogeuka kijani na vitunguu ni sumu kwake, na shamba lililopuliziwa dawa leo si mahali pa kumpeleka.

Mafunzo ya Bar Harbor ndiyo muhimu kuliko yote. Uliza mtoto huyo alilelewa wapi katika wiki zake za kwanza, muone mama yake, tazama kama anamkimbilia mtu au anajificha. Akishafika, watoto wa nyumba wamshike wakiwa wamekaa, kwa zamu, bila kelele. Babu na nyanya wakutane naye mapema, na asiyetaka kumgusa asilazimishwe.

Na mwaka 1912 haujapita. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya lazima kwa spanieli na kwa mbwa wa jirani pia, kwa sababu virusi havisomi daftari la ukoo. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemewa.

Familia yenye saa moja au mbili za kumpa kila siku, fedha za daktari wa mifugo, na subira kwa kuku waliotimuliwa, itapata katika spanieli rafiki ambaye watoto wataishi naye miaka 12 au zaidi. Familia isiyo na hayo haijakosa mbwa. Yule wa uani, jamaa wa Basenji aliyewashangaza watu Crufts, ana mwili unaoijua baridi na kupe wa mlima huu, na majuma yaleyale ya utoto ya kujifunza kumwamini mtu. Achanjwe, alishwe kwa chakula chake na si kwa makombo, ashikwe na watoto akiwa mdogo. Hilo linaweza kufanywa Kibirichia mwaka huu, katika kila boma, bila kununua mbwa mpya.